Dakika Sita za Giza

Siku walipopiga kura kuhusu sauti, Mkataji alikuwa ameshika ncha mbili za filamu zilizopakwa gundi, na hesabu yake ilikuwa imefika kumi na nne.

Lazima uhesabu hadi ishirini. Ukiachia kabla, ncha zinaachana, gundi inapaka picha, na kazi yote unaianza upya. Ndiyo maana kila kikundi kilipopiga kura, na kikundi kile kilipiga kura juu ya kila kitu, hata dirisha, lifunguliwe au lifungwe, wenzake watano waliinua mikono na yeye mikono yake ikabaki mezani, imebana filamu kama mtu anayembana mtoto adungwe sindano. Yule waliyemwita Miwani alizungusha macho chumba kizima. Yeye ndiye aliyekuwa mwongozaji, ingawa kwa kanuni zao hapakuwa na mwongozaji.

"Yupo anayepinga?"

Kumi na tano, kumi na sita.

"Hayupo. Basi limepita kwa kauli moja, makomredi."

Kwa miaka miwili mambo yote yalipita kwa kauli moja namna hiyo.

Jambo la siku ile lilikuwa hili. Filamu yao ilihusu mgomo wa kiwanda cha nguo, na katikati yake Miwani alikuwa ameweka dakika sita za giza. Giza tupu, hakuna hata doa. Alisema mtazamaji amezoea kulishwa picha kama mgonjwa anavyolishwa uji. Mnyime picha, ataamka. Sasa giza lile lilihitaji ngurumo ya mashine, na Masikio, yule mtu mrefu mpole aliyebeba kinasa sauti begani hata akienda kununua sigara, alikuwa anaombewa ruhusa ya kwenda kiwandani kuichukua.

Mkataji alipofika ishirini akaachia, akapangusa vidole, akajiuliza: sauti gani, na mashine zimezimwa wiki ya tatu sasa? Akajijibu mwenyewe kwamba Masikio anakwenda kunasa kimya. Haikuwa ajabu. Mwaka uliotangulia walinasa kimya cha uwanja mtupu kwa dakika nne nzima, na Miwani akakisikiliza amefumba macho, akasema kimya kile kina uzito wa kisiasa. Basi hakuuliza. Akachukua kipande kingine.

Kabla ya kujiunga nao alikuwa fundi cherehani. Kibanda chake kilitazamana na nyumba waliyopanga wale watu wa filamu, na siku moja Miwani alimletea suruali iliyochanika gotini. Alisimama pale akingoja, akaitazama mikono ya yule mama, akasahau suruali. "Mama, wewe unafaa kukata filamu," akasema. Mama akafikiri ni maneno ya mtu asiye na pesa ya kulipa. Lakini Miwani alimaanisha. Kikundi chao kilitetea wavujajasho, na ndani ya kikundi hapakuwa na mvujajasho hata mmoja: palikuwa na mtoto wa daktari, watoto wawili wa mwanasheria, mwalimu aliyeacha kazi, na Masikio ambaye baba yake alikuwa na duka la saa. Mama akaingia kama mtu anavyoalikwa kwenye meza iliyopungua mtu.

Na kazi akaipenda, hilo hakulificha. Alipenda vile vipande vilivyoning'inia kwenye kamba kwa vibanio, kama nguo zilizofuliwa za watu wadogo sana. Alipenda zaidi nyuso. Ukiweka uso kwenye ile mashine ya kutazamia, ukazungusha mpini polepole, unamwona mtu anavyoanza kucheka kabla mwenyewe hajajua. Yeye aliyekuwa amepima viuno na mabega ya watu miaka kumi na sita, hakuwahi kumtazama mtu kwa muda mrefu hivyo bila kuulizwa, "Vipi, nina nini usoni?"

Nyuso ndizo zilizomgombanisha na Miwani.

Dada yake mkubwa alikuwa mfumaji katika kiwanda kile, na ndiye mwenyekiti wa kamati ya mgomo. Mkataji aliishi kwake, chumba cha uani, tangu ndoa yake ilipovunjika. Kila jioni alimsikia Dada akikohoa vumbi la pamba, kikohozi kikavu kinachoanza anapovua viatu na kukoma anapolala. Madai yao yalikuwa machache: feni za kuvuta vumbi katika kila ukumbi, na maziwa wanayopewa ya kusafisha kifua yasikatwe. Mgomo ulipofika wiki ya pili na watu wakaanza kutazamana kwa jicho la pembeni, Mkataji alimwambia Dada, "Ruhusuni wenzangu wawapige picha. Tutawaonyesha wote Jumapili ile mnayopiga kura kama mnaendelea au mnarudi. Watu wakijiona walivyosimama pamoja, hawatarudi nyuma."

"Una hakika, mdogo wangu? Wale wenzio wanaongea kama redio iliyopotea kituo."

"Nina hakika, Dada. Nakata mimi mwenyewe."

Ahadi hiyo aliitoa jikoni, sahani mkononi, na Dada akaibeba kwa kamati kama kitu kilichokwisha kuwapo.

Watu wa filamu wakaenda getini siku nne wakapiga picha nzuri. Wanawake wamekaa juu ya makreti wakisukana. Mmoja anamwigiza meneja anavyotembea, wenzake wanaanguka kwa kicheko. Palikuwa na sekunde kumi na moja za mwanamke waliyemwita Mama Pacha, mfumaji wa miaka mingi na mjumbe wa kamati, akifunga kitambaa kichwani na kusema kitu kwa kamera, meno yote nje. Mkataji alizirudia sekunde zile hadi mpini ukapata joto.

Ndipo Miwani akaleta hoja. Uso, alisema, ni mtego. Mtu akiuona uso anampenda mwenye uso, anasahau tabaka. Shujaa wa filamu hii si fulani wala fulani, ni wafanyakazi wote. Kwa hiyo nyuso zitoke. Zibaki mikono, magurudumu, moshi, na maandishi yaliyopinduliwa chini juu.

"Lakini watajijuaje?" Mkataji aliuliza. Alikuwa amebana ncha, yuko tisa.

"Watajijua kama tabaka, komredi."

"Dada yangu hajijui kama tabaka. Anajijua kwa sura."

Wakacheka, kwa upendo kabisa, wakainua mikono mitano. Yeye alikuwa kumi na moja. Jioni ile alikata nyuso themanini na mbili akazitia ndani ya mfuko wa unga, mkasi ukimuuma kidole gumba. Aliondoka bila kuaga. Kesho yake alirudi, kwa sababu Jumapili ilikuwa inakuja na filamu isiyo na nyuso ilikuwa afadhali kuliko ukuta mtupu. Hivyo ndivyo alivyojiambia.

Katikati ya wiki hiyohiyo kulizuka balaa kiwandani. Jumanne mchana watu wanaokaa nyuma ya ukuta wa kiwanda walisikia mashine zikinguruma, kama saa nzima, kisha zikanyamaza. Mchana uleule mtu alimwona Mama Pacha akitoka kwa mlango mdogo na mkoba. Mwenyewe alisema alikwenda kuchukua viatu na kikombe chake, na mlinzi alimruhusu. Nani angeamini? Kikombe, katikati ya mgomo! Jumatano asubuhi Dada alipanda juu ya kreti getini akasema mbele ya watu wote kwamba kuna mwenzao amewasaliti, akamtaja, akamfuta kwenye kamati. Tangu hapo hakuna aliyemsalimia. Dukani wanawake waligeuza mgongo. Mkataji aliposimuliwa na Dada alisema, "Masikini, na alivyo na kicheko kizuri. Watu bwana!" Akaenda kulala.

Ijumaa Masikio akaleta sauti. Ilikuwa ngurumo kubwa, yenye nguvu, si kimya hata kidogo. Mkataji alishtuka.

"Umeitoa wapi hii?"

"Nimeipata," Masikio akasema kwa aibu ya mtu anayesifiwa. "Nzuri, eh?"

"Nzuri."

Akafikiri ni ya kiwanda kingine, au ya zamani. Palikuwa na kazi ya siku tatu na siku zilizobaki ni mbili. Akaibandika kwenye giza la Miwani, dakika sita kamili.

Jumapili alasiri ukumbi wa chama cha wafanyakazi ulijaa hadi madirishani. Madirisha yenyewe yalizibwa kwa majora ya kitambaa cha kiwanda, jambo lililowafurahisha wanawake kuliko yote yaliyofuata. Walivaa vizuri. Wengine walikuja na watoto, wakawaambia, "Utamwona bibi kwenye sinema." Dada alikaa mstari wa mbele, kitambaa kipya begani. Mama Pacha naye alikuja; akakaa benchi la mwisho kabisa karibu na mlango, na benchi zima likawa lake.

Projekta ikaanza. Gurudumu. Moshi. Mkono. Gurudumu tena, safari hii linarudi kinyumenyume.

"Mimi niko wapi?" sauti ikauliza.

"Wewe ndio huo moshi," ikajibu nyingine.

Watu wakacheka. Maandishi yakatokea yamepinduliwa, na mama mmoja akainamisha kichwa hadi magotini kuyasoma, kilemba kikamwanguka. Dada aligeuka nyuma, akamtafuta mdogo wake kando ya projekta. Alimtazama tu, na Mkataji akatamani sakafu ipasuke.

Kisha giza likaingia. Ngurumo ikajaa ukumbi.

Nusu dakika ya kwanza watu walipiga miluzi na kuita, "Fundi! Umeme!" Hakuna kilichobadilika. Mtoto akalia, akanyonyeshwa. Halafu, kwa kuwa hapakuwa na la kutazama, wakaanza kusikiliza, na hawa hawakusikiliza kama mimi na wewe. Hawa walikuwa wamelala na kuamka na sauti ile masikioni.

"Hiyo ya mbele ni namba nne," mtu akasema.

"Nne yako iko wapi? Hiyo ni saba. Nne inavuta pumzi kabla ya kupiga."

"Saba ni hiyo ya nyuma, shoga, inayoburuta mguu."

"Ya nyuma ni kumi na mbili! Mimi nimekaa kwenye kumi na mbili miaka sita, utanifundisha?"

Ikawa kelele na vicheko kama getini siku za kwanza za mgomo, kila mtu akitaja mashine yake. Mkataji akatabasamu gizani. Wako pamoja, alifikiri. Kwa giza au kwa picha, wako pamoja. Kando yake Miwani alikuwa amemshika mkono. "Unasikia?" alinong'ona. "Wameamka!"

Ndipo ikaja sauti ya chini, kutoka mlangoni.

"Na hiyo inayogonga kama kijiko kwenye bilauri, ni tisa."

"Kweli!" mmoja akaitikia. "Tisa hiyo. Ile skurubu yake."

"Tisa mwenyewe! Lo, nilikuwa nimeisahau."

"Mtaisahauje," ile sauti ikaendelea. "Nimeiendesha miaka kumi na moja. Lakini tisa ilikatika mkanda mwaka jana. Tulilia mkanda mpya, hatukupewa hadi tunatoka nje kugoma. Sasa hapo nani anaiendesha?"

Vicheko vikapungua, kimoja kimoja. Ngurumo ikaendelea, na ndani yake ile *ti*, *ti*, *ti* ya skurubu ambayo sasa kila mtu aliisikia. Walikuwa wamekwisha kumtambua aliyesema. Gizani walikuwa wamemjibu kama zamani.

Dada ndiye aliyesimama. "Washeni taa. Washeni!"

Jora moja likavutwa dirishani, mwanga ukaingia, na watu wakafinya macho.

"Sauti hii imechukuliwa lini?"

Masikio alisimama, mrefu, kofia mkononi. Hakuwa mtu wa kusema uongo. Hata wazo la kusema uongo halikumpitia. "Jumanne," akasema. "Jumanne hii iliyopita. Tulihitaji sauti halisi, na msimamizi alikuwa mwema sana. Akatuwashia mashine nne. Ile moja alikuwa ameifunga mkanda mpya siku hiyohiyo, akasema tujaribu na hiyo."

"Nani aliziendesha?"

"Yeye na mlinzi. Na mimi kidogo, nilivuta ule mpini mwekundu."

Kila aliyekuwa amekaa akawa anatazama mabega ya aliye mbele yake ili asigeuke kutazama benchi la mwisho.

"Mlivunja mgomo wetu," Dada akasema, "ili mpate makelele?"

Miwani akajitokeza. Akaanza kueleza tofauti kati ya kuzalisha kitambaa na kuzalisha sauti. Kwamba mashine ile, kwa saa ile moja, ilikuwa imenyakuliwa kutoka kwa bepari na kutiwa mikononi mwa sanaa ya mapambano. Na zaidi ya hayo, makomredi, tazameni: ni giza lililofichua ukweli! Picha isingeweza!

La kuudhi ni kwamba hapo alikuwa na ukweli. Mkataji aliliona hilo, na lilimchoma kuliko yale mengine yote.

"Kaa chini, baba," mama mmoja akamwambia. "Kaa tu."

Dada alikuwa amemgeukia mdogo wake. "Na wewe ulijua?"

"Nilisikia wanapiga kura aende kiwandani. Nilidhani..." Kumwambia kwamba alidhani wanakwenda kunasa kimya? Maneno yalifika mdomoni yakaonekana ya kijinga hata kabla hayajatoka. "Nilikuwa nimeshika gundi, Dada."

"Gundi."

Kule nyuma Mama Pacha alikuwa amekwisha kusimama, mkoba wake begani. Hakumlaumu mtu. Alifungua mlango akatoka, akaurudishia taratibu kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa. Kura haikupigwa siku ile. Nani angeinua mkono?

Jumatatu asubuhi dada hao wawili walikwenda kwake. Njiani hawakusemeshana. Walimkuta akianika nguo. Hakuwapa viti, na wao hawakutazama kama vipo.

"Mama," Dada akaanza, "nimekukosea. Nilisema lisilo kweli, na nililisema mbele za watu."

"Ulilisema juu ya kreti," Mama Pacha akasema. "Hapa naona umesimama chini."

Mkataji akaona ni zamu yake. Akaeleza yote, kura, gundi, Jumanne. Mama Pacha alisikiliza huku akikamua shati.

"Na mimi kwenye hiyo sinema nilikuwemo?" akauliza. "Kabla."

"Ulikuwemo. Sekunde kumi na moja. Unacheka."

"Nani alinitoa?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Mkataji alifungua mdomo amweleze habari za uso na tabaka, jinsi uso unavyomfanya mtazamaji asahau umati. Alifika katikati ya sentensi, akajisikia, akanyamaza. Maji yalidondoka kutoka kwenye shati.

"Sikilizeni," Mama Pacha akasema. "Mimi sitaki sinema, wala sitaki pole ya uani. Jina langu lilichafuliwa getini asubuhi, watu wakiwa wanaingia zamu ya ulinzi wa mgomo. Likasafishwe hukohuko, saa ileile. Si mara moja, maana nyinyi hamkunisema mara moja. Watu wanakuja kwa zamu. Wa Jumatatu si wa Jumanne. Mkimaliza wote, njooni, nitawapa viti."

Walianza Jumanne. Dada alipanda kreti akasema yake, kifupi, sauti imekauka, akashuka akikohoa. Kisha Mkataji akapanda. Hakuwahi kusema mbele ya watu. Miaka yote kazi yake ilikuwa kukata, ya wengine yaungane. Aliambiwa aseme kwa sauti. Aliambiwa aanze mwanzo, kwa sababu waliochelewa hawakuelewa kinasa sauti kinaingiaje. Wengine walisikiliza wakatikisa vichwa. Wengine walisema, "Tumeshasikia hayo, mnapoteza muda, feni ziko wapi?" Mmoja akasema filamu na Mama Pacha wote walewale. Watu walikuwa wachache kuliko wiki iliyopita, na kila siku walipungua.

Miwani alipita Jumatano, amependeza, karatasi mkononi. Filamu ilikuwa imeombwa nje ya nchi. Alitaka Mkataji aje aongeze mwishoni ule mjadala wa gizani, wafanyakazi wakitambua mashine zao. Masikio aliunasa wote. "Umewahi kusikia kitu cha kweli kama kile?"

"Utasema ndani yake nani aliwasha mashine?"

Miwani akavua miwani, akaifuta. "Hilo lingeipeleka filamu kwa watu binafsi, komredi. Tunazungumzia mfumo."

"Basi tafuta fundi mwingine wa kukata."

"Tutalipeleka kwenye kura."

"Lipelekeni."

Alikwenda zake, ameumia kwelikweli, maana alimpenda yule fundi wake na hakuona amekosea wapi. Na Mkataji, mguu mmoja tayari juu ya kreti, akapanda kusema yake.

Ijumaa ilipofika sauti yake ilikuwa imebaki nusu. Alikuwa amesimulia mara kumi na tatu, na mara zote alikuwa amekwama palepale, kwenye kura na gundi, kwa sababu hakuna namna ya kulisema jambo lile bila kuonekana mpumbavu. Alimaliza. Akashuka. Akakaa juu ya kreti, viganja usoni.

Mwanamke mmoja mnene, wa zamu ya Ijumaa, akamsogelea akamgusa bega.

"Samahani, mama. Jumapili ile mimi nilikuwa ukumbini, lakini taa zilipozimika nilisinzia. Nimeamka watu wamenuna. Sasa huyu Mama Pacha aliingia kiwandani au hakuingia?"

Mkataji alimtazama. Akamtafuta Dada, Dada alikuwa anaongea na mlinzi, mgongo umegeuka, lakini sikio liko huku. Nyuma ya yule mwanamke walikuwa wamesimama wengine watatu, nao wanangoja jibu.

Akasimama, akapanda tena.

"Hakuingia kufanya kazi," akasema. "Njooni karibu, sauti yangu imekwisha. Naanza mwanzo."